Augustino na Mabingwa wa Shaka



Mchungaji huulizwa mengi na vijana warudipo likizoni kutoka vyuoni, na swali moja lisilokosa kuja ni hili: "Wewe wajuaje?" Vijana hawa hawaulizi kwa ufedhuli. Wamesoma ya kwamba macho hudanganya, ya kwamba masimulizi hupotoka, na ya kwamba mtu aotaye ndoto huiona ni kweli tupu mpaka aamke. Basi wanataka kujua kama kuna kitu hata kimoja ambacho mwanadamu aweza kukinyoshea kidole na kusema, "Hiki kipo, nami najua kwamba kipo." Wazee wengine huwajibu kwa kuwakemea, kana kwamba kuuliza huko ni dhambi. Mimi siwafuati wazee hao. Swali hili ni kongwe kuliko Kanisa lenyewe, na mmoja wa waalimu wakuu wa Kanisa alikaa ndani yake hata akakaribia kukata tamaa. Habari zake ndizo nitakazowasimulia leo.

Jina lake ni Augustino. Alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka wa 354 huko Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Baba yake, Patricius, hakuingia Ukristo ila maisha yalipokuwa yakimwishia. Mama yake, Monika, alikuwa mtu wa sala na machozi. Karo ilitafutwa kwa taabu, kama wazazi wengi mjuavyo, na kijana akasoma Madauros, kisha Carthage. Huko Carthage, alipokuwa na umri wa miaka 18 hivi, alikutana na kitabu cha Cicero, msemaji mkuu wa Warumi, kilichowahimiza watu kuitafuta hekima. Kitabu hicho kimepotea, yamebaki mabaki yake tu, lakini kilimwasha moto. Tangu siku ile hakutaka tena kuambiwa tu. Alitaka kujua.

Mtu mwenye kiu hiyo huwa rahisi kunaswa. Kulikuwa na wafuasi wa Mani, mwalimu aliyetokea pande za Babeli katika karne ya tatu, nao walijisifu kwamba wao hawamlazimishi mtu kuamini. Watamfunulia kila jambo kwa akili. Augustino aliwafuata kwa miaka kama tisa. Vitabu vyao vilieleza habari za jua, mwezi na nyota, na hapo ndipo yalipoanza mashaka yake, kwa sababu alikuwa amewasoma pia wataalamu wa nyota. Wataalamu hao walikuwa wakipiga hesabu na kutangaza mbele kwamba jua litapatwa siku fulani, saa fulani, na likapatwa kweli. Hesabu zao na vitabu vya Mani havikupatana. Alipouliza, aliambiwa, ngoja Faustus aje, Faustus atakujibu. Faustus alifika Carthage karibu na mwaka wa 383. Alikuwa na maneno matamu, lakini alipoulizwa juu ya zile hesabu alisema waziwazi kwamba hajui. Augustino alimpenda kwa unyofu huo, na mimi pia nampenda. Walakini miaka tisa ilikuwa imekwenda.

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka huohuo Augustino alipanda meli kwenda Roma, akimwacha mama yake pwani kwa hila, na huko Roma likamjia wazo kwamba huenda wenye busara kuliko wote ni wale wanafalsafa walioitwa Waakademia, waliofundisha kwamba mwanadamu hawezi kuwa na hakika ya kitu chochote.

Inafaa tuwajue watu hawa, maana si wapumbavu. Akademia ilikuwa shule ya Plato kule Athene. Yapata miaka mia moja baada ya kuanzishwa, ilipata mkuu aitwaye Arcesilaus, naye akaigeuza kuwa shule ya shaka. Adui yake alikuwa Zeno, mwanzilishi wa Wastoiko, ambao mtawakumbuka katika Matendo ya Mitume wakibishana na Paulo. Zeno alifundisha kwa mkono. Aliukunjua mkono wazi akasema, hivi ndivyo kitu kinavyotuonekea. Alikunja vidole kidogo: hivi ndivyo tunavyokubali. Akafumba ngumi: huku ndiko kushika hakika. Kisha akaifunika ngumi kwa mkono wa pili, akaibana sana: na hii ndiyo maarifa, ambayo ni ya mwenye hekima peke yake. Wewe unayesikiliza, jaribu kuufanya mkono wako hivyo, utaona jinsi lilivyo somo zuri.

Waakademia wakajibu: Ngumi yako imefumbwa, sawa, lakini wajuaje kama ndani mna kitu? Tazama mapacha wawili. Unamwona mmoja barabarani, unamsalimu kwa jina la ndugu yake, na moyoni huna hata chembe ya wasiwasi. Hakika uliyokuwa nayo na ile ambayo ungekuwa nayo kama ungekuwa umepatia hazina tofauti. Mayai mawili nayo je? Alama mbili za mhuri mmoja katika nta? Ikiwa uongo waweza kuvaa nguo zilezile za kweli, basi mwenye hekima na asikubali neno lolote, maana asiyekubali hawezi kukosea. Mwenda pole hajikwai.

Bingwa wao mkubwa alikuwa Carneades, naye alizaliwa Cyrene, katika Libya ya leo. Ndiyo ile Kirene ya Simoni aliyeubeba msalaba. Mwaka wa 155 kabla ya Kristo Waathene walitozwa faini ya talanta 500 kwa kuuteka nyara mji wa Oropus, wakawatuma wanafalsafa watatu Roma kwenda kuomba wapunguziwe, na Carneades alikuwa mmoja wao. Akiwa huko alitoa hotuba juu ya haki. Siku ya kwanza aliisifu haki hata watu wakastaajabu. Siku ya pili akasimama, akazibomoa hoja zote za jana. Vijana wa Kirumi walifurahi mno. Mzee Cato akawahimiza wenzake katika baraza wawamalizie wageni hawa shauri lao upesi, wapate kurudi kwao wakafundishe watoto wa Kigiriki. (Faini ilipunguzwa ikawa talanta 100, safari haikuwa bure.)

Lakini mtu asiyekubali lolote atakulaje, atatembeaje? Carneades alikuwa na jibu, na mfano wake unatufaa hata sisi. Mtu anaingia chumba chenye giza, anaona kitu kimejiviringisha sakafuni. Nyoka! Anakiruka. Kisha anageuka, anaona hakitikisiki, anasema, labda ni kamba. Anakumbuka kwamba nyoka naye huweza kuganda wakati wa baridi. Basi anachukua fimbo, anakigusa. Hivyo ndivyo mwenye hekima aishivyo, alisema Carneades: hana hakika, bali anafuata lile lenye kuelekea kuwa kweli, akilipima kadiri ya uzito wa jambo. Aliyerithi mafundisho haya na kuyaandika ni mwanafunzi wake Clitomachus, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Hasdrubal, mtu wa Carthage. Kwa hiyo Augustino alipoelekea kwa Waakademia, alikuwa akielekea, bila kukusudia, kwenye mafundisho ya watu wa pwani ya kwao.

Tusifikiri kwamba shaka ilikuwa kwake mchezo wa wasomi. Mwaka wa 384 alikwenda Milano kuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, cheo kikubwa, na huko alimsikia Askofu Ambrosio akihubiri. Alivutwa, lakini hakuthubutu kukubali. Baadaye aliungama kwamba alikuwa kama mgonjwa aliyeharibiwa na mganga mbaya, sasa anaogopa kujitia mikononi mwa mganga mwema. Alitaka awe na hakika ya mambo yasiyoonekana kama alivyokuwa na hakika kwamba saba na tatu ni kumi. Mtu anayengoja hakika ya namna hiyo kabla ya kuinua mguu aweza kungoja hata kaburini, na Augustino aliliona hilo. Ndiyo sababu alikuwa na hofu.

Jambo la kwanza lililomlegeza halikuwa hoja kubwa. Alianza kuhesabu ni mambo mangapi anayoyasadiki bila kuyaona: miji ambayo hajafika, matendo yaliyotendeka kabla hajazaliwa, habari za marafiki na za waganga. Zaidi ya yote, alijuaje kwamba Patricius na Monika ni wazazi wake? Aliambiwa. Hakuna mtoto aliyeshuhudia kuzaliwa kwake mwenyewe akakumbuka. Hata hivyo jambo hilo alilishika kwa nguvu zisizotikisika, na kama angesema, "Sitamheshimu baba mpaka nithibitishe kwamba ndiye," watu wangemwona ni mwana mpotovu. Hoja hii aliiandika tena miaka michache baadaye kwa ajili ya rafiki yake Honoratus, aliyekuwa angali kwa wafuasi wa Mani.

Mwaka wa 386 aligeuka, akaazimia kuacha kazi yake ya Milano, akaenda kukaa Cassiciacum, shamba la rafiki yake, pamoja na mama yake, ndugu yake, mwanawe Adeodatus, rafiki yake Alypius na wanafunzi wawili, Licentius na Trygetius. Alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa Pasaka ya mwaka uliofuata. Sasa, angalieni jambo hili. Mtu ameongoka juzi. Kitabu chake cha kwanza kati ya vile vilivyotufikia kingehusu nini? Hakuanza na sala wala na ufafanuzi wa Zaburi. Alianza na kitabu cha kuwajibu Waakademia. Aliona kwamba mlango huo usipofunguliwa hakuna atakayeingia nyumbani: anayesadiki kwamba kweli haiwezi kupatikana hataitafuta.

Kitabu ni mazungumzo. Mwandishi aliketi akiandika kwa mkato yaliyosemwa, na siku nyingine walikatizwa na kazi za shamba. Katika siku hizohizo, Augustino alipotimiza miaka 32, waliongea pia juu ya maisha ya furaha, na swali la Waakademia likaingia: Je, mtu anayetafuta siku zote bila kupata, ana furaha? Monika, ambaye hakusoma falsafa, aliuliza hao Waakademia ni watu gani. Mwanawe akamweleza kwa kifupi. Monika akasema, basi hao ni watu wa kifafa, akasimama aende zake, na wote wakacheka. Kifafa ni ugonjwa, nasi twajua leo kwamba una dawa, wala hatumcheki mwenye nao. Lakini mama yule aliiona shida ilipo: hawa ni watu ambao kila wakisimama wanaanguka.

Hoja za mwanawe zilikuwa ndefu zaidi. Mnasema, aliwaambia, kwamba mnafuata kinachofanana na kweli, na kweli yenyewe hamuijui. Mtu akimwona kijana akasema, "Huyu amefanana sana na baba yake," nawe ukamwuliza, "Baba yake ulimjua?" naye akajibu, "Sijapata kumwona kamwe," hutacheka? Kisha akaonyesha kwamba yapo mambo ambayo hata mwenye shaka hawezi kuyakwepa. Ama ulimwengu ni mmoja, ama si mmoja: katika hayo mawili moja ni kweli, hata kama sijui ni lipi. Mara tatu tatu ni tisa, hata wanadamu wote wakilala wakikoroma. Na macho je? Kila mvuvi ajua kwamba kasia likitiwa majini huonekana limevunjika. Augustino hakusema macho yamesema uongo. Alisema: kwamba kasia lanionekea hivyo, hilo najua, na kwa kuwa maji yapo, lingeonekana limenyooka ndipo ningekuwa na haki ya kuyashuku macho yangu. Jicho latoa ushahidi wake, na anayekosea ni hakimu anayehukumu upesi.

Lakini sehemu inayonigusa mimi zaidi ni hadithi ya njia panda. Wasafiri wawili wanakwenda mahali pamoja. Mmoja ni mwepesi wa kuamini, mwingine hakubali neno la mtu. Wanafika njia panda, wanamkuta mchungaji wa mifugo, naye anawaonyesha njia. Wa kwanza anashukuru, anakwenda. Wa pili anamcheka mwenzake, anabaki amesimama. Anasimama hata anachoka. Mara anatokea bwana mmoja amepanda farasi, mavazi mazuri, sura ya heshima, kumbe ni tapeli, naye anamwelekeza njia nyingine. Msafiri wetu anasema moyoni, sina hakika, lakini huyu aelekea kusema kweli kuliko yule mshamba. Basi nitaifuata njia hii bila kukubali kwamba ni ya kweli. Akapotelea msituni, na mwenzake wakati huo ameshafika, anapumzika. Sasa nani aliyekosea? Waakademia walisema asiyekubali hawezi kukosea. Mtu huyu hakukubali, na amepotea.

Augustino hakuishia kwenye njia. Aliuliza, je, kijana akimjia mke wa jirani, na akiletwa barazani aseme, "Mimi sikukubali kwamba ni halali, nilifuata tu lililoelekea kuwa halali," hakimu atamwachilia? Yule mume je? Hapo ndipo unapoona kwa nini jambo hili lilimshughulisha. Shaka isiyo na mwisho ikikaa chuoni yaweza kuwa mazoezi ya akili. Ikishuka sokoni na nyumbani, humpa mtu ruhusa ya kutenda lolote bila kuwajibika kwa lolote. Hata hivyo sitaki tuwaonee Waakademia. Neno moja walikuwa nalo la haki: watu wengi hutamka "najua" pale wanapopaswa kusema "nimeambiwa," na hata mimbarani twafanya hivyo. Faustus angekuwa mhubiri mwema kuliko wengi wetu.

Swali la kama mimi mwenyewe nipo alilirudia uzeeni. Roma ilitekwa na Wagothi mwaka wa 410, na yapata miaka mitatu baadaye Augustino, sasa Askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba, alianza kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu. Katika sehemu ya 11 anawageukia tena Waakademia wanaosema, "Je, ukiwa umekosea?" Anawajibu kwamba hata akiwa amekosea, yupo, kwa sababu asiyekuwako hawezi kukosea. Shaka yenyewe yahitaji mtu wa kuwa na shaka. Mwizi aliyetumwa kuiba nyumba yote ameacha nyayo zake uwanjani. Na hapo Augustino haongezi kuwapo tu: anajua kwamba yupo, naye anapenda kuwako na kujua huko, na katika matatu hayo anaona kivuli cha mbali cha Utatu Mtakatifu.

Zaidi ya miaka 1,200 baadaye, Mfaransa René Descartes, aliyekaa Uholanzi, alijulikana ulimwenguni kote kwa hoja iliyofanana na hiyo. Yeye alijilazimisha kushuku kila kitu: macho, mwili, hata hesabu, akiwaza kwamba labda kuna pepo mwerevu anayemdanganya daima, akaona kwamba anayedanganywa hana budi kuwapo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1640, mtu mmoja alipomwonyesha habari ya Augustino, Descartes alikwenda kuisoma katika maktaba ya mji, akamwandikia barua ya kumshukuru. Alisema hoja ni ileile, ila matumizi ni mbalimbali: Augustino aliitumia kuonyesha mfano wa Utatu ndani yetu, naye Descartes aliitumia kuonyesha kwamba nafsi inayofikiri si kitu cha mwili. Alisema kweli. Ningeongeza tofauti nyingine. Descartes alijifungia peke yake na kutaka kuujenga upya ulimwengu wote kuanzia jiwe hilo moja. Augustino hakuona kwamba jiwe moja latosha kwa nyumba. Kujua kwamba nipo hakuniambii mama yangu ni nani, wala njia ipi inafika mjini. Hayo alikubali kuyapokea kwa watu, akichunguza ni watu gani wanaostahili kuaminiwa, na hakuona aibu.

Karibu na mwaka wa 427, miaka mitatu kabla ya kufa kwake huku Wavandali wameuzingira mji, Augustino aliketi kuvisoma upya vitabu vyake vyote na kuandika yanayopaswa kusahihishwa. Alianza na kile alichokitunga Cassiciacum. Alijutia kwamba humo alilitaja sana neno "bahati", na kwamba alimsifu Plato kupita kiasi. Kisha akafika mahali ambapo, kwa utani wa ujana, alikuwa amesema kwamba hoja zake zikilinganishwa na za Cicero ni vitu vya upuuzi. Hapo mzee akaandika kwamba, ingawa alisema kwa mzaha, asingalisema hivyo, maana hoja za Cicero alikuwa amezijibu kwa hakika kabisa.